Mstari wa Mwisho wa Mpango wa Jaribio

Bado ninalo daftari nililolitumia nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kemia, na ndani yake umo mpango wa jaribio ambao wakati huo niliuonea fahari. Una kurasa mbili na hatua kumi na moja, vipimo vyote vimeandikwa kwa gramu na mililita, na mchoro wa vifaa umepigwa kwa rula. Mstari wake wa mwisho unasema: "Andika matokeo, kisha osha vyombo."

Vyombo niliviosha kwa asidi ya nitriki, baada ya kuvisuuza kwa ethanoli. Asidi iliyotumika niliimimina katika chupa ya taka iliyokuwa imebakiwa na ethanoli kidogo kwenye kitako, nikaukaza mfuniko kama mtu anayejali kazi yake, nikaiweka chupa ndani ya kabati la kufyonza mvuke, nikaenda zangu kulala. Asidi ya nitriki huoksidisha alkoholi kama ethanoli, yaani humenyuka nazo kwa kuzipa oksijeni, nayo haifanyi hivyo mara moja kila wakati. Yaweza kutulia kwa muda, ikapashika moto taratibu, kisha ikatoa gesi kwa kasi isiyozuilika na mfuniko. Asubuhi tulikuta vigae vya kioo na madoa ya kahawia kwenye kuta za kabati. Hapakuwa na mtu aliyeumia, kwa sababu chupa ilipasuka usiku na kwa sababu kioo cha mbele cha kabati kilikuwa kimeshushwa. Msimamizi wangu hakunifokea. Aliniomba nimwoneshe mstari wa mpango unaosema taka inakwenda wapi, nami nikafungua daftari nikijua kwamba mstari huo haumo.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja ambalo kazi yangu ya sasa, ya kusoma na kupitisha mipango ya majaribio ya watu wengine, imezidi kulithibitisha: mipango mingi huandikwa kwa ajili ya matokeo, ilhali hatari hukaa mahali ambapo matokeo hayana haja napo. Hukaa kabla ya hatua ya kwanza, hukaa kati ya hatua ya nne na ya tano mtu anaposubiri, na hukaa baada ya hatua ya mwisho. Kwa hiyo mtu anaponiletea mpango, ninaanza kuusoma kutoka chini kwenda juu.

Kabla ya hatua ya kwanza kuna suala la kuzijua kemikali zenyewe. Kila kemikali inayouzwa kwa maabara huja na hati ya taarifa za usalama, yenye sehemu 16 zilizopangwa kwa utaratibu uleule popote pale, na wengi huinakili kwa wingi bila kuisoma. Mimi humtaka mwandishi wa mpango aanze na sehemu tatu: ya 7, inayoeleza namna ya kuishika na kuihifadhi, ya 9, yenye sifa za kimaumbile kama vile halijoto ambayo mvuke wake unaweza kushika moto, na ya 10, inayotaja vitu ambavyo haipatani navyo. Sehemu ya 10 ndiyo ingeniokoa mimi. Hata hivyo hati hiyo huizungumzia kemikali moja ikiwa peke yake, nasi hatufanyi jaribio kwa kemikali moja. Kinachohitajika ni jedwali dogo ambalo kemikali zote za jaribio, pamoja na zile zitakazozalishwa na zile za kuoshea vyombo, zimepangwa wima na mlalo, na katika kila kisanduku mtu anajibu swali moja: hizi mbili zikikutana kwa bahati mbaya, nini hutokea? Mtu akilijaza kwa uaminifu, ataona kwamba visanduku vya kuogopwa mara nyingi havihusu mmenyuko alioukusudia hata kidogo.

Kisha lipo neno "vaa glavu", ambalo hulikuta katika kila mpango na ambalo, likiachwa hivyohivyo, halimlindi mtu. Glavu zipi? Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, alikuwa akishughulikia dimethili ya zebaki ndani ya kabati la mvuke, akiwa amevaa glavu za lateksi, na kemikali hiyo ikamdondokea kidogo tu juu ya glavu. Alikuwa mtaalamu wa sumu za metali na alifuata kinga zilizokubalika wakati huo. Dalili zilijitokeza baada ya miezi kadhaa, na mwezi Juni 1997 alifariki dunia. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionesha kwamba dimethili ya zebaki hupenya glavu za aina ile katika muda wa sekunde chache. Ninaisimulia habari hii kila mwaka kwa wanafunzi wapya, nikiwakumbusha kwamba glavu huwa kinga dhidi ya kemikali fulani, kwa unene fulani, na kwa muda fulani. Mpango unapaswa kutaja yote matatu: nitrili au butili au nyingineyo, ya kutupwa au nzito, na ibadilishwe baada ya dakika ngapi au mara inapodondokewa. Asetoni, kwa mfano, hupenya glavu nyembamba za nitrili upesi sana, na bado naona watu wakioshea vyombo kwa asetoni wakiwa wamezivaa kwa utulivu kabisa.

Lakini nikiri kwamba sipendi mpango unaoanza na glavu na miwani, hata ikiwa imetajwa vizuri. Vifaa vya kuvaa ni ngome ya mwisho, na anayeanza nayo ameshakubali kwamba adui atafika mlangoni. Swali la kwanza ni kama kitu cha hatari kinahitajika kabisa, la pili ni kama kinaweza kubadilishwa na kingine, la tatu ni kama kifaa kama kabati la mvuke au ngao kinaweza kukitenga na mtu, na baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya kanuni za kazi, na mwisho mavazi. Onyesho la shuleni la ndimi za moto zenye rangi ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi limefanywa kwa kuyeyusha chumvi za metali ndani ya methanoli na kuiwasha kwenye visahani mezani. Methanoli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi 11 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika chumba cha kawaida iko tayari wakati wote, na mwali wake hafifu ni mgumu kuonekana penye mwanga. Mwalimu hudhani moto umezimika, huchukua chupa kubwa na kuongeza, na moto hurudi hadi ndani ya chupa na kuruka kuelekea dawati la mbele. Wanafunzi wameungua vibaya kwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Na rangi zilezile hupatikana kwa kuloweka vijiti vya mbao katika maji ya chumvi hizo tangu jana yake, kisha kuvipitisha katika mwali wa kichomeo cha Bunsen. Hakuna kinga ya uso, hata iwe nzuri kiasi gani, inayoshinda uamuzi wa kuiacha chupa ya methanoli kabatini.

Baada ya swali la kitu gani huja swali la kiasi gani, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ni sehemu ambayo watu wenye akili nyingi huteleza. Mtu aliyefaulu kufanya mmenyuko wa mililita 50 huona ni jambo la kawaida kufanya wa mililita 500. Anazidisha kila kiasi kwa kumi na kunakili hatua zilezile. Joto halizidishwi hivyo. Joto linalozalishwa hutegemea ujazo, ilhali joto linalotoka hutegemea eneo la uso wa chombo, na chombo cha umbo lilelile kinapoongezeka ujazo mara kumi, uso wake huongezeka mara nne na nusu tu na ziada kidogo. Maana yake, kila mililita ina uso usiofikia hata nusu ya ule iliokuwa nao wa kupozea joto. Jaribio lililokuwa likipata uvuguvugu linaweza kuchemka na kumwagika, na lililokuwa likichemka linaweza kufanya makubwa zaidi ya hayo.

Mwezi Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, wanafunzi wa shahada za juu walikuwa wakitengeneza kampaundi inayolipuka, nikeli hidrazini pakloreti. Kikomo kilichokuwa kikizungumzwa katika maabara ile kilikuwa miligramu 100. Wao walitengeneza gramu 10 hivi, ili wapate fungu moja litakalotosha vipimo vyote, na mmoja wao alipokuwa akisaga madonge kwenye kinu kidogo cha maabara, kampaundi hiyo ililipuka. Alipoteza vidole vitatu, akaungua mikono na uso, na jicho likajeruhiwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilichapisha ripoti yake mwaka 2011, na jambo ambalo mimi hulirudia kila ninapoisoma ni kwamba kikomo kile kilikuwa cha maneno. Kilipita mdomoni hadi sikioni bila utaratibu wa kuhakikisha kwamba kila mtu amekipata na anakifuata. Hoja ya wanafunzi wale haikuwa ya kipumbavu. Kutengeneza fungu moja ni sahihi kwa mtazamo wa vipimo, kwa kuwa sampuli zote zinakuwa sawa. Ndiyo maana kikomo cha kiasi lazima kiandikwe juu kabisa ya mpango, pamoja na sababu yake, kwa sababu mtu asiyeijua sababu atakutana siku moja na sababu nzuri ya kukivuka. Mimi huongeza sharti kwamba kila unapotaka kuongeza kiasi zaidi ya mara tatu, mpango huo ni mpya na usomwe upya na mtu wa pili. Hiyo tatu si nambari ya kisayansi sana. Ni ya kumzuia mtu kwa muda wa kutosha ili afikiri.

Sasa tuje kwenye lugha ya hatua zenyewe. "Ongeza polepole" ni maneno yanayopendwa mno na yasiyo na kipimo. Polepole ya mtu mwenye subira ni tone kwa sekunde mbili. Polepole ya mtu anayewahi gari ni kumimina bila kumwaga. Chukua kazi ya kila siku ya kuzimua asidi ya salfuriki. Wote tunajua kwamba asidi huingizwa katika maji, wala si maji katika asidi, lakini wachache huandika kwa nini: asidi iliyokolea ina uzito wa gramu 1.84 kwa mililita, kwa hiyo maji yakimiminwa juu yake huelea, joto kubwa la kuchanganyika hukusanyika pale yanapokutana, na maji huchemka ghafla yakirusha asidi juu. Mpango wangu husema hivi: bika yenye maji yote iwe ndani ya beseni la barafu, kipimajoto kiwe ndani, asidi iongezwe mililita 5 kwa mara moja huku ikikorogwa, halijoto ikifika nyuzi 40, acha kuongeza na usubiri ishuke hadi 25. Nambari hizo nimezichagua mimi kwa kazi zangu, na mwingine anaweza kuwa na zake. Kilicho muhimu ni kwamba mkono unajua pa kusimama bila kumuuliza mtu.

Mahali pa kusimama ndipo penye thamani kuliko hatua yoyote. Iko mimenyuko inayochelewa kuanza, na wa Grignard, unaotumia metali ya magnesi, ni maarufu kwa tabia hiyo: unaongeza kidogo, hakuna kinachotokea, unaongeza tena, bado kimya, na mkono unaanza kuwasha. Kisha mmenyuko unaamka, na yote uliyoyakusanya yanamenyuka kwa pamoja ndani ya etha, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 35 tu. Mpango mzuri unasema kwamba baada ya kuongeza sehemu ya kumi ya kiasi chote, mtu asimame na asiendelee mpaka aone kwa macho na kwa kipimajoto kwamba mmenyuko umeanza. Mkorogo ukikatika ni hali hiyohiyo. Umeme unapokatika, kikorogeo husimama na vimiminika viwili hukaa tabaka juu ya tabaka. Umeme ukirudi, kikorogeo huwaka chenyewe na kuvichanganya vyote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo katika mipango ninayoipitisha lazima kuwe na mstari usemao: umeme ukikatika, zima swichi ya kikorogeo kwanza. Mstari mfupi namna hiyo hauonekani kuwa na elimu ndani yake, lakini anayeuandika amekaa akalifikiria jaribio lake likiwa gizani. Vilevile maji ya kupozea yakikatika ghafla, feni ya kabati ikisimama, bomba likichomoka: kila sentensi inayoanza na "ikiwa" inaandikwa mtu akiwa ametulia, ili isihitaji kubuniwa akiwa na hofu.

Njia bora niijuayo ya kuziona sentensi hizo ni kufanya jaribio zima kwa maji ya bomba. Vifaa vyote vimepangwa, miwani na koti vimevaliwa, mpango umebandikwa kwenye kioo, na maji yamechukua nafasi ya kila kimiminika. Watu huona aibu mwanzoni, kana kwamba wanacheza mchezo wa watoto. Halafu hufika hatua ya sita na kugundua kwamba mkono mmoja umeshika pipeti, wa pili umeshika chupa, na mfuniko unahitaji wa tatu. Hugundua kwamba beseni la barafu haliingii chini ya kioo cha kabati mpaka kipandishwe kupita alama, au kwamba vifaa vimewekwa ukingoni kabisa, ilhali vinapaswa kuingizwa ndani walau sentimita 15 ili mvuke ufyonzwe badala ya kurudi usoni. Mwanafunzi mmoja aligundua kwamba njia yake ya kwenda kwenye bomba la kuoshea macho imezibwa na kiti chake mwenyewe. Bomba hilo linapaswa kufikika ndani ya sekunde 10 hivi na jicho lioshwe kwa dakika 15 mfululizo, nami humwomba mtu afumbe macho ajaribu kulifikia. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Jaribu kusimama umeinama kwa muda huo uone kwa nini mpango unataja jina la mtu wa pili ambaye hataondoka chumbani.

Kuhusu fomu na saini sina mengi ya kusema. Zina kazi yake, lakini nimeshapitishiwa mpango uliotiwa saini tatu ambao ulitaja kemikali iliyokuwa haimo ghalani kwa miaka. Mtu alibadilisha tarehe ya mwaka uliopita, basi. Siku hizi, badala ya kuuliza kama mpango umesainiwa, humwomba mwandishi aufunike na anisimulie hatua inayomtia hofu zaidi. Anayesema hakuna, humrudishia karatasi.

Na pale jaribio linapokwenda mrama katikati, au linapokwenda vizuri mno hata mtu akashawishika kuongeza joto kidogo ili amalize mapema, kanuni ni kwamba kubadilisha kemikali, kiasi, halijoto au chombo ni kuuacha mpango. Mtu anaruhusiwa kuuacha, ila asimame kwanza, auandike mpya, na amwoneshe mwingine. Dakika kumi zinatosha.

Hapo ndipo tunarudi mwisho, kwenye taka. Kila mpango unapaswa kusema bidhaa zote zinakwenda katika chupa ipi, na chupa hiyo ilikuwa na nini kabla. Asidi zinazooksidisha zisikutane na viyeyushi vya kikaboni, na dawa ya klorini ya kusafishia isikutane na asidi yoyote, kwa kuwa huachia gesi ya klorini, wala isikutane na amonia. Chupa iachiwe nafasi ya hewa juu, iwe na mfuniko unaopitisha gesi ikiwa kuna uwezekano wa gesi kutoka, na lebo iandikwe kabla ya tone la kwanza kuingia, siyo baadaye ambapo kila mtu ameshachoka. Etha zilizobaki ziandikwe tarehe ya kufunguliwa, kwa sababu zikikaa na hewa hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka, na chupa isiyo na tarehe humlazimisha mtu mwingine kubahatisha. Valvu za gesi zifungwe kwenye silinda yenyewe, wala isiwe kwenye kidhibiti pekee. Na atajwe mtu atakayekuwa wa mwisho kutoka.

Katika daftari langu, chini ya maneno "kisha osha vyombo", ipo mistari mitano niliyoiongeza asubuhi ile kwa wino mwingine. Wa kwanza unataja chupa mpya, kavu, yenye lebo. Wa pili unakataza ethanoli isuuzwe katika beseni moja na asidi. Wa tatu unahusu mfuniko wenye tundu, na wa nne unataja saa ya kuja kuitazama chupa kabla ya kufunga maabara. Wa tano unasema "shusha kioo cha kabati", nao sikuubuni mimi. Jioni ile mimi nilikiacha wazi. Fundi wa maabara, ambaye hakuwa na habari yoyote na jaribio langu, alipita akizima taa, akakishusha kwa mazoea yake, akaenda nyumbani.